Stresi ya Mtoto wa Miezi Minane

Kasongo, Jumatano

Bado nacheka, na bado kidole cha mwanangu Riziki kilichochomwa sindano kinaniuma mimi kuliko yeye.

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, ni daktari; amechunguza damu miaka mingi huko Kisangani. Anatafuta walinzi wadogo walio ndani yake. Damu ya mtoto ikiwakosa, dawa fulani za malaria zinaweza kuivunja. Kama leo wamama wa mtaa wangekataa watoto wao wapimwe, kazi yake ingeishia hapo. Lakini yeye akaanza na Kifaransa chake: "stresi oksidatifu".

Mama Shabani akaruka: "Mutoto wangu wa miezi munane! Yeye iko na bibi wa ndoa? Stresi atatoa wapi?"

Wakacheka wote. Wawili wakafunga watoto mgongoni, wakaondoka. Yaya akainamisha kichwa. Sijapata kumwona hivyo.

Sijui nilitoa wapi ujasiri. "Mama Shabani, mawese ukiacha wazi juani, inakuwa je?"

"Inachacha."

"Basi damu nayo inaweza kuchacha; ndiyo hiyo stresi. Yaya anatafuta walinzi wanaoizuia isichache."

Nikamtoa Riziki wangu kwanza. Alilia kidogo tu, halafu akanyonya.

Mama Shabani naye akamtoa wake. "Lakini bibi hana!"

Majibu yatakuja Jumatatu. Naogopa, sitaficha. Ila heri nijue dawa za kumwepusha nazo...

Jioni Yaya alifungua daftari lake la kazi. "Sema tena ile ya mawese, polepole."

Mimi niliyeishia darasa la tano nikasema, daktari akaandika.