Moshi Ambao Sikuuona

Jumanne usiku

Bado sielewi nilivyokosa kuuona. Pampu inasukuma mafuta kwenye ekzosi ya moto, nayo yanageuka moshi mzito. Jana uani moshi ulijaa hadi tukakohoa. Nilifunga mtambo huu wa moshi kwenye kindege changu cha rimoti ili niweze kukifuata angani, maana macho yanafifia. Hilo sijamwambia mtu.

Leo kilipopaa sikuona moshi wala kindege.

“Si ule pale moshi, baba!” alisema binti yangu Neema. Nilidhani ananifariji.

Kisha jirani akapaza sauti kutoka zizini: “Shikamoo, Mwalimu! Siku hizi mkaa unauchomea mawinguni?”

Yeye hana sababu ya kunifariji.

Nikampa Neema rimoti, nikasingizia kwamba mikono imechoka. Akakitua salama.

Kufa, kwa umri huu, nimeshakubali. Hili la macho, sijui kwa nini, linanitia aibu.