Ukanda wa Upande wa Kushoto

Geeveston, Tasmania
Jumapili

Shemeji Clive,

Pokea salamu zangu nyingi, na umpe Noelene fungu lake kabla hujaendelea kusoma. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari anataka kulipasua nawe unamkwepa kama mtoto anayekwepa kuoga. Nenda akalipasue. Natumaini joto la huko Bundaberg limepungua. Hapa baridi imeshika, kuni zinakwisha kabla ya wakati wake na milima imeshavaa theluji.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba sisi huku hatujambo. Sitaandika hivyo. Ndugu yako Athol anaumwa, na ugonjwa wenyewe ni wa kufa. Najua umepiga simu mara nyingi bila yeye kupokea, na kila nilipopokea mimi nilikudanganya kwamba amelala, au yuko kibandani. Una haki ya kukasirika. Nina jambo zito la kukueleza, lakini nikilianzia mwishoni utaichana karatasi hii, kwa hiyo nivumilie nianzie kwenye kompyuta.

Unaikumbuka kompyuta yetu ya jikoni, na unaukumbuka ugomvi wetu juu ya ule ukanda wa vipicha vya kufungulia programu. Athol anautaka uonekane saa zote, tena usimame upande wa kushoto wa skrini, vipicha vimepangana toka juu hadi chini kama zana zake ukutani kibandani. Fundi gani anaficha nyundo yake, ndivyo anavyoniuliza siku zote. Mimi naupenda ujifiche, utokee nikisogeza kipanya pembeni, kisha uondoke zake. Sipendi kitu kinachonitumbulia macho wakati nasoma. Basi kila aliyekaa alikuwa anabadilisha, na aliyemfuata anarudisha huku akimsema mwenzake. Mlipokuja Pasaka tulikufanya hakimu, ukasema wako umelala chini ya skrini kama wa binadamu wengine wote, nasi tukakuzomea. Athol alicheka siku ile mpaka akatoa miwani.

Mlipoondoka tu akaanza malalamiko. Kila akikaa kuandika matokeo ya timu ya mpira, ananiita kwamba nimeuficha tena ukanda wake. Nikamwambia sijaugusa. Mwanzoni alinitania kwamba uzee umeniwahi, nimeanza kusahau. Baadaye hakutania. Alisema namfanyia makusudi, kwamba tangu nistaafu sina kazi ila kutafuta mtu wa kumchokoza. Nami unanijua mdomo wangu, nilimjibu vilivyo. Tukanuniana siku nzima, watu wazima na mvi zetu, kwa ajili ya ukanda wa kompyuta.

Asubuhi moja akaniita tena, safari hii kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko makelele yake. Nikaenda nikasimama nyuma ya kiti. Ukanda ulikuwepo. Ulikuwa pale pale anapoutaka, kushoto, vipicha vyote vimejipanga, hata kile cha mchezo wake wa karata. Naye anahangaika na kipanya kwenye nusu ya kulia ya skrini, anautafuta.

"Uko wapi sasa, Glenys? Nionyeshe basi, uko wapi?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamtazama usoni nikaona hana mzaha. Nikamshika kidevu, nikaugeuza uso wake taratibu kuelekea kushoto. Akashtuka kidogo, kisha akatabasamu.

"Ahaa, umeurudisha. Si ungefanya hivyo tangu mwanzo?"

Tangu saa ile nikaanza kuona mambo niliyokuwa nayapita tu. Mezani alikula nyama iliyokuwa kulia mwa sahani, akaacha viazi vya kushoto, halafu akaniuliza kwa nini siku hizi simpikii viazi. Nikaizungusha sahani, akavila vyote. Shavu la kushoto alikuwa anaondoka nalo bila kulinyoa. Nikauhamishia ukanda upande wa kulia, na alipokaa jioni akanishukuru kwamba hatimaye nimeacha ukaidi. Ningemwambia nini? Nilimwambia anisamehe, kwamba kweli ni mimi niliyekuwa nauficha ili kumchokoza. Nilitaka angalau jioni moja asiwe na hofu, maana hofu niliyokuwa nayo mimi ilitutosha sote.

Kwa sababu kuna basi la shule analoliendesha. Sihitaji kukueleza wewe uliyelipanda na kulishuka utoto wako wote. Mlango uko kushoto, na watoto husimama kushoto.

Nikamwomba aende kwa daktari. Akasema macho yake yote mawili ni mazima, akafumba moja moja na kunisomea kalenda ya ukutani, na kweli aliisoma. Nikamwomba apumzike kidogo. Akasema hajawahi kulala nyumbani siku ya kazi tangu baba yenu alipomwachia usukani. Nikaficha funguo, kumbe ana nyingine. Nilikuwa najiambia nitatafuta njia ya kumbembeleza, na kila asubuhi basi linaondoka uani nami nimesimama dirishani na kikombe cha chai kisichonyweka.

Kisha Alhamisi moja akarudi na kioo cha pembeni cha kushoto hakipo. Kimeng'oka na chuma chake, ubavuni kuna mkwaruzo mrefu, na pale bati lilipochanika umekwama mkanda wa begi la shule, wa rangi ya zambarau. Niliuchomoa mkanda ule nikautia mfukoni. Nikamuuliza Athol kimetokea nini. Akalizunguka basi lote, akaangalia, akasema haoni kitu. Mwenye begi alikuwa yule binti mdogo wa akina Tatnell, Imogen. Alikuwa ameliegemeza kwenye nguzo ya kituo na kusogea nyuma kufunga kamba ya kiatu. Mama yake alinieleza hivyo jioni, analia, na akasema hatamshtaki mtu aliyembeba yeye mwenyewe kwenda shule alipokuwa na umri ule. Akaniachia mimi niamue la kufanya.

Ijumaa basi halikutoka, lilikuwa linatengenezwa. Jumatatu kabla halijatoka, ofisi ya leseni ilimpigia simu asimamishe kazi mpaka apimwe. Hospitalini Hobart wakamwonyesha picha ya kichwa chake. Kuna uvimbe upande wa kulia, nyuma, mkubwa kama yai, na ndio uliomnyang'anya upande wa kushoto wa dunia. Si macho. Ubongo ndio umeacha kujua kwamba kuna kushoto. Daktari alisema kupasua kutaharibu zaidi ya kitakachookolewa, na tusihesabu kufika majira ya kuvuna tufaha. Njiani kurudi, tulipovuka mto, Athol akasema kwamba kumbe ukanda ulikuwepo siku zote, na mimi nilijisingizia. Akalia, Clive. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yenu.

Sasa jambo lenyewe. Ofisi ile haisemi nani aliyewaarifu. Athol alikaa siku kadhaa akiwapitia watu kichwani, na akakufikia wewe. Alikumbuka kwamba Pasaka ulikaa kiti cha mbele cha basi ukamwambia anabana sana kushoto, na akaamua umekwenda kumshtaki kwa siri, wewe ndugu yake wa tumbo moja. Ndiyo maana hapokei simu yako. Ameniamuru nitoe picha yenu ya ujana ukutani, ile mliyopigwa mbele ya basi.

Si wewe. Ni mimi. Nilipiga simu Ijumaa ile asubuhi, mkanda wa zambarau uko mfukoni mwangu. Kwa hilo sijuti, na ningelirudia. Ninalojutia ni kwamba alipolitaja jina lako nilikuwa namlisha supu, nikanyamaza, nikajaza kijiko kingine. Niliogopa asije akaukataa mkono wangu, na hana mkono mwingine wa kumlisha. Nilikutoa wewe kafara ili mimi nibaki. Wiki zimepita nikiendelea kukutoa.

Jana nilishindwa. Nilikaa kitandani nikamwambia yote, simu, saa, maneno niliyoyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautafuta mkono wangu akaupapasa, kwa huruma, shemeji, kwa huruma kabisa.

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu ukanda, mke wangu. Usimbebee Clive mzigo wake."

Nikaapa. Nikamletea ule mkanda wa begi. Akasema nina moyo mzuri kupita kiasi, akageuka akalala. Uongo niliomwambia kwa kumpenda ndio umeziba masikio yake, na sina neno lingine la kumshawishi. Huenda akikuona ataamini. Huenda atakufukuza, nami nitakuwa nimekupotezea nauli na kukuongezea kidonda. Siwezi kukuahidi kitu. Lakini njoo, na usichelewe, maana tangu juzi hata upande wa kulia ameanza kuukosa.

Ukinichukia nitakuelewa. Chai utapata hata hivyo, na kitanda cha chumba cha nyuma kiko tayari. Msalimie Noelene, na wasalimie wanao na wajukuu. Mama wa Imogen anakusalimu pia, ndiye atakayeitia barua hii posta.

Jambo moja la mwisho. Mlango wa chumba uko kushoto kwake, kwa hiyo hatakuona ukiingia. Usisimame pale ukamwita, atadhani ni redio. Zunguka kitanda, ukae kulia, karibu na dirisha. Ukikaa kushoto, kwake utakuwa hujaja.

Wako,
Glenys