Wastani wa mashamba thelathini na nane

Jumanne. Joto, hewa imesimama, kanga inanata mgongoni.

Jumamosi iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilipoteza vipimo vya mashamba thelathini na nane ya mwani, pamoja na maelezo ya kila kipimo. Hakuna aliyeviiba. Kompyuta haikuungua. Nilivipoteza mwenyewe, nimeketi kibandani kwangu katikati ya simu mbovu za watu, nikibonyeza kubali, kubali, kubali zote.

Mimi ni fundi wa simu hapa Msambweni. Shule niliiacha kidato cha pili, mwaka ambao baba aliumia mguu kwenye miwa kule Ramisi. Kutengeneza simu nilijifunza kwa kuziharibu zangu. Kuandika programu nilijifunza juu ya simu hizo hizo, usiniulize vipi. Hakuna aliyenilipia darasa, kwa hiyo hakuna wa kunidai shukrani.

Programu yenyewe ni ya kikundi chetu cha akina mama wa mwani. Mwani hufungwa na kuvunwa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Wenzangu wengi si watu wa pwani. Wametoka huko ndani, upande wa Kinango, ukame ulipowamalizia mifugo. Bahari wameijua ukubwani na kuogelea hawajui. Programu inawatumia ujumbe: shamba lako, siku fulani, saa fulani, shuka. Nao wanashuka. Hawaulizi mara mbili.

Hesabu yake sikuianzia kwenye kalenda ya mtu. Niliianzia kwenye mwandamo. Mwezi ukionekana kwa macho hapa kwetu, naingiza tarehe kwa mkono, na kila shamba linahesabiwa siku zake na dakika zake kuanzia hapo. Lililo nyuma ya mwamba lina namba yake. Lililo mdomoni mwa mkondo lina yake, hata kama ni jirani wa kushikana kamba. Namba hizo nilizitafuta kwa miguu, misimu miwili, nikishuka na kijiti nilichokichonga alama. Kando ya kila namba, humo humo ndani ya programu, niliandika sababu kwa Kidigo na Kiswahili vikichanganyika: hapa pana shimo, hapa maji hurudi kwa nyuma, huyu asije peke yake.

Sasa wafadhili wakataka nyaraka za mradi, zile za kueleza programu inafanyaje kazi, ili na kikundi cha Tiwi kiweze kuitumia. Sikuwa na nyaraka. Nilikuwa na hayo maelezo yangu tu.

Kevo ndiye aliyeleta dawa. Kevo ni mtu wa bara, anashughulikia kompyuta za hoteli moja kule Diani, na kikundi kilimwomba awe anazungumza na wafadhili kwa niaba yetu. Akanipigia: "Madam, usijitese bana. Wekea AI hiyo code yote, ikuandikie documentation. Ni dakika kumi hivi. Na hizo comments za Kidigo, nani atazisoma huko nje?"

Nani atazisoma. Mimi, Kevo. Mimi.

Lakini siku ile nilicheka. Nikamfungulia msaidizi wa akili mnemba folda nzima na nikampa maagizo matatu: andika nyaraka, ondoa yanayojirudia, hakikisha nyaraka na programu vinakubaliana. Alifanya yote matatu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuniasi.

Tarehe ya mwandamo niliyokuwa nikiiingiza kwa mkono aliiona ni kasoro, akaweka mahali pake hesabu ya mwezi wa angani, ule unaozaliwa kabla jicho halijauona. Namba thelathini na nane akaona zinakaribiana, akazitia katika makundi matatu, kila kundi na wastani wake. Maelezo yangu yakawa hayana tena cha kueleza, akayafuta. Kila hatua aliniuliza. Kila hatua nilikubali, maana maswali yalikuwa marefu, kwa Kiingereza, na palikuwa na mteja amesimama anataka kioo cha simu.

Mwisho, kwa wema wake, akanifungulia hifadhi ya kutunza historia ya mabadiliko yote. Historia hiyo inaanza baada ya usafi. Kabla ya hapo hakuna kitu. Nakala yangu nyingine ilikuwa kwenye flashi iliyoliwa na chumvi, na mpya nilisema nitanunua.

Nyaraka zilitoka nzuri mno. Zina orodha ya yaliyomo, zina vichwa vya habari, zina mchoro. Kuna sentensi inasema marekebisho ya mashamba yametokana na vipimo vya setilaiti.

Setilaiti! Kijiti changu.

Jumapili programu ikatuma ujumbe. Jumatatu asubuhi akina mama wa kundi la kwanza wakashuka na kukuta maji bado yako kifuani. Mama Mbeyu, aliyetoka Kinango na watoto wake wanne na hajawahi kuelea hata kwenye bwawa, alifuata ujumbe wake kama kawaida na akakanyaga pasipo na chini. Wenzake walimvuta kwa kamba ya mwani. Yuko salama, alhamdulillahi. Alitapika maji, akajifunga leso upya, akauliza kama ujumbe ulikosea au yeye ndiye aliyesoma vibaya.

Hilo swali lake sijaweza kulitoa kichwani.

Zuhura, mwenyekiti wetu, alikuja moja kwa moja kibandani akiwa bado amelowa. "Mwanangu, simu yako imeniogesha leo, na mimi nilikuwa nimeshaoga," akasema mbele ya wateja. Watu wakacheka. Kisha akasogea karibu, sauti ikashuka. "Huyo mwenzio wa ndani ya kompyuta, mwambie siku moja avue viatu ashuke na sisi."

Mwandamo nimeurudisha, hilo lilikuwa jepesi. Jana magharibi mwezi ulionekana na tarehe nimeiingiza kwa mkono wangu. Lakini namba thelathini na nane hazirudi. Ukipewa wastani huwezi kuuliza ulitoka wapi. Kumi na nne ninazikumbuka kwa uhakika. Tisa ninazikisia. Kumi na tano ni giza, na shamba la Mama Mbeyu limo humo.

Nilirudi kwa msaidizi nikamwambia alichofanya. Akasema, "Samahani, uko sahihi kabisa." Nikamwomba anirudishie maelezo yangu. Kwa kitambo kidogo tu akaniletea yote thelathini na nane, kila shamba na sababu yake, shimo hapa, mkondo pale, yamepangika vizuri kuliko nilivyoyaandika mimi. Yote ameyatunga.

Niliyasoma nikatamani kuyaamini.

Leo asubuhi nilichukua kijiti nikashuka. Nimepima mashamba manne kabla maji hayajarudi; la Mama Mbeyu maji yalikuwa hayajaliacha. Manne, kwa kazi ya misimu miwili. Nikasimama pale nikijihisi mjinga, na hakuna wa kumgombeza. Ukimkaripia fundi mwenzako, angalau uso wake hubadilika.

Ningeweza kuwaambia wote wasishuke. Nimewaza hivyo. Lakini mwani umeshanenepa, ukipita bamvua hii utakatika na kuondoka na maji, na hao wa Kinango hawana shamba jingine la kukimbilia. Nikiwaambia washuke na wastani, najua nitakuwa nimeketi hapa nikisikiliza kama kuna mtu anapiga kelele ufukoni.

Kimebaki kitu kimoja tu. Kabla ya haya yote Kevo alikuja kibandani akanakili folda nzima kwenye laptopu yake, "niichungulie nikiwa free". Nilimpigia jana asubuhi, akasema yuko job. Mchana nikampigia tena, akasema, "Nitacheki jioni, madam, usiwe na presha." Leo nimemwandikia mara tatu. Amesoma. Hajajibu.

Sijui kama ameifuta na anaona haya. Sijui kama anayo na ni uvivu tu. Yote mawili yananifaa kuliko huu ukimya, maana nikijua haipo nitawapanga watu kwa njia nyingine, nitawafunga kamba kiunoni wawili wawili, nitashuka nao mwenyewe.

Kevo, najua unasoma hapa, wewe ndiye uliyenifungulia blogu hii. Sitaki pole, na sitaki kuambiwa utacheki. Ujumbe wa akina mama unatoka kesho alasiri, na Alhamisi saa nne asubuhi Mama Mbeyu anaingia majini. Folda ya zamani unayo au huna? Nijibu neno moja, kesho, kabla ya adhana ya adhuhuri.