Mkasi wa Mashoto

Jumatatu, 3 Juni

Mama watoto amerudi kutoka kazini, ameweka mkoba, amekaa bila kuvua viatu. Hapo nikajua kuna jambo. Lilianza jina — kwa kuwa anakata nguo kwa mkono wa kushoto, msimamizi wao kiwandani alimbatiza Mashoto, na chumba kizima cha kukatia kikaitikia. Leo wamemhamishia meza mlangoni mwa choo. Eti anakata polepole, anaziba njia. Miaka tisa pale, hajaharibu hata kola!

Huyo msimamizi mimi namwita Filimbi, maana anayo shingoni na huipuliza mtu akienda kunywa maji. Nikasema kesho naenda kumkunja shati. Mke wangu akanijibu: wewe shona viatu vyako. Ukija kunipigania, watasema hata kuongea siwezi. Imeniuma.

Jumatano, 5 Juni

Kazi mpya: makoti ya mahameli. Mahameli ina vinyoya laini, mke wangu huviita malaika, na vyote hulala upande mmoja. Ukigeuza kipande kichwa chini, rangi inabadilika kama umekata vitambaa viwili. Sasa Filimbi akataka vipande vya mikono vigeuzwe ili kitambaa kitoshe. Mke wangu akasema mahameli haigeuzwi.

Leo Mashoto ni profesa, akasema Filimbi. Kicheko chumba kizima. Basi mke wangu akaweka mkasi chini — sikati. Filimbi akaikata mwenyewe, mikono yote.

Alinisimulia huku anamenya viazi, sauti haitikisiki. Mimi ningekata tu, yaishe. Yeye hapana. Nilimwangalia mpaka akaniuliza nimekosa nini.

Jumamosi, 8 Juni

Ndiyo hayo aliyoyasema. Makoti yameshonwa — kifua cheusi, mikono rangi ya jivu. Na eti nani kakata? Mashoto! Filimbi kampa barua: Jumatatu asaini kwamba kosa ni lake, au asirudi. Tena kuanzia leo mikasi ya kutoka nyumbani marufuku, na wa mashoto kiwandani haupo. Wenzake walimwona Filimbi kwa macho yao akikata. Wote wakainama kutazama viatu.

Amerudi na mkasi wake umeviringishwa kitambaa kama mtoto mchanga. Alilia kidogo jikoni. Nikamshika bega.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwandikia meneja barua, kurasa tatu. Mama watoto ameisoma, akacheka mpaka akashika mbavu. Baba watoto, hii ni barua au ngumi? Akasahihisha herufi mbili, akaisukuma chini ya godoro.

Kisha akanikalisha sakafuni na magazeti. Akakata duara kwa mkasi wake, nami akanipa ule wangu wa dukani, nikate kwa mkono wa kulia. Tazama, akasema. Mkasi ukizunguka ukarudi ulipoanzia, unaacha kijino kidogo pembeni. Changu kimeelekea huku, chako kule. Tumekata duara kumi. Hakuna hata kimoja kilichodanganya. Kumbe mke wangu ana sahihi yake kwenye kila kipande, miaka tisa, na mimi nalala naye kitanda kimoja sijui!

Mabaki ya ile mikono bado yako kiwandani, anasema. Hayajatupwa, na kijino cha aliyekata kimo humo.

Mchana nimeunoa mkasi wake. Nimeuvika ngozi laini ya kiatu penye kidole gumba, panapomchubua. Hilo ndilo ninaloliweza.

Jumatatu, 10 Juni, saa tatu asubuhi, getini

Naandikia gotini. Mama watoto ameniruhusu kuja kwa sharti moja: nishike mkasi, nisifungue mdomo. Mlinzi kanipa kiti. Mke wangu aliingia na barua mkononi, haijasainiwa, na magazeti yetu yamekunjwa kwapani.

Nusu saa. Kucha zangu zimekwisha.

Ametoka! Anatembea haraka, kichwa juu. Meneja ametandaza yale mabaki mezani, ananiambia. Anataka nikate mbele ya watu wote, alinganishe. Filimbi kang'ang'ania nitumie mkasi wa kiwanda, nimekataa. Nipe wangu.

Nikampa. Akaingiza kidole gumba, akaisikia ile ngozi, akanitazama. Amerudi ndani.

Dirisha la chumba cha kukatia liko wazi. Mashine zote zimezimwa. Filimbi kaanza kusema jambo, sauti ya mwanamke imemkatiza, mmoja wa wale wale waliokuwa wakicheka: mwache akate. Na mwingine: tena siku ile mimi nilikuwepo.

Ameanza. Nasikia mkasi. Polepole, mwendo wake ule ule, hakuna wa kumharakisha. Bado haujafika ulipoanzia.

Mlinzi naye ametega sikio. Ananiuliza, nani huyo anayekata?

Sharti nimelivunja. Mashoto, nimemwambia. Mke wangu.