Pembe ya Nne ya Shali

Mama,

Najua umeanza kucheka. Ulinisomesha ili nikusomee barua za watu, na miaka yote hiyo mimi mwenyewe sikukuandikia hata moja. Nilikuwa napanda baiskeli kutoka Kyela mjini mpaka Ndandalo, nakuletea habari kwa mdomo pamoja na njaa yangu. Huko uliko sasa baiskeli haifiki, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mtafute mwenye macho akusomee, na umwambie asishangae hizi alama za vidole. Ni grisi tu.

Sisi hatujambo. Masika ya mwaka huu maji yaliingia migombani lakini kaburi lako hayakuligusa. Kakao siku hizi wanunuzi wanaifuata mpaka mlangoni, kila mmoja na mzani wake, na kila mmoja anasema mzani wa mwenzake ndio mwizi. Kwenye banda langu la baiskeli watu hawazungumzi tena upungufu wa sabuni. Wanazungumza vyama vingi, na wanaobishana zaidi ni wale ambao hata pampu yangu hawajairudisha.

Lakini nilichokaa hapa kukuandikia ni habari ya uzi wako.

Siku ya kugawa vitu vyako, kanga ziligombaniwa, sufuria ikagombaniwa, hata lile jembe lisilo na mpini likapata mwenyewe. Mimi nikapewa sanduku la bati na magunia mawili ya uzi wa sweta. Hayo hayakugombaniwa na mtu. Kyela hii, Mama! Mtu analala mlango wazi na bado anajipepea kwa mfuniko wa chungu, halafu mama yake anamwachia urithi wa sufu. Mke wangu Tumpe aliyatazama yale magunia yakishushwa kwenye keria, akauliza, "Haya tutakula na nini?"

Nilikuwa nimedhamiria kuyaweka juu ya dari yaliwe na panya. Udadisi ndio ulioniponza. Jioni moja nilifungua sanduku, nikasema nitaangalia kidogo tu. Nilikuta vifungo umevitunga kwenye kamba, kila sweta na kamba yake. Nilikuta zipu bila nguo. Nilikuta donge la uzi wa zambarau dogo kama yai la njiwa, limefungwa peke yake ndani ya leso kama dawa. Na nilikuta kopo la majarini limejaa zile nembo za kwenye kola za sweta, zenye maandishi ya Ulaya, umezikata moja moja na kuzipanga kwa ukubwa. Za nini, Mama? Nimewauliza wanakwaya wenzako wote. Hakuna anayejua. Mmoja alisema labda ulikuwa unajifunza Kizungu.

Hapo nikakumbuka Jumamosi zako sokoni, tangu nikiwa mdogo, mitumba haijakatazwa, na tena iliporuhusiwa. Wenzako wakimiminika kwenye belo jipya kutafuta magauni, wewe unauliza sweta lililotoboka. Unalipakata, unalipapasa ubavuni kama unatafuta kiroboto, mpaka unapata fundo. "Kila sweta lina mlango," ulikuwa unasema. Ukishaupata mlango, unavuta, na sweta zima linakurudia mikononi likiwa uzi. Unaufua, unauning'iniza na jiwe chini ili ujinyooshe, unaukunja donge. Wakati wote huo ulikuwa unasoma. Hukufundishwa na mtu. Ulijifunza kufuma kwa kufumua kazi za wanawake ambao hukuwaona. "Sura zao sizijui," ulisema, "ila mikono yao naijua. Huyu alikuwa na haraka. Huyu alikuwa na hasira." Mimi nilidhani ni maneno ya kumchangamsha mtoto.

Basi nilichukua spoki ya gurudumu la nyuma, nikaikunja ncha, nikaisugua kwenye jiwe ikawa kulabu. Nikaanza. Ulinifundisha kitanzi cha kwanza nikiwa na miaka saba, mwaka ule nilioumwa surua, na kumbe vidole havisahau. Nilifuma kifuniko cha siti ya baiskeli yangu, mistari ya kijani na nyekundu. Kilikuwa kibaya, lakini vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli wakakipenda, na kufikia wakati wa kuvuna mpunga robo ya baiskeli za mjini zilikuwa zimekalia uzi wako. Gunia moja likaanza kunywea. Watu wakanibatiza Fundi Kroshia. Fundi cherehani wa jirani alikuwa ananisalimia, "Ugonile, mama mdogo?" Nikamwambia suruali yake imefumuka nyuma. Ilikuwa kweli, na mshonaji ni yeye mwenyewe.

Halafu ikaja habari kutoka Tukuyu. Mkwe wetu, mke wa mwanangu Gwamaka, ni mjamzito. Jina lake silitaji, mila ya baba mkwe unaijua.

Tumpe akasema, "Mtoto huyo atafunikwa na nini?"

Hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyetolewa nje bila shali yako. Na baridi ya Tukuyu si ya kuchezea, ukungu unaingia mpaka kitandani. Shali za dukani zipo, siku hizi kila kitu kipo. Lakini wa kwanza wa Gwamaka kufunikwa na shali ya dukani, wakati magunia yako yapo juu ya dari yangu? Nikasema nitafuma mimi. Tumpe akacheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa na haki ya kucheka. Shali ya kwanza nilianzia katikati kama ulivyokuwa unaanzia wewe, nikazunguka na kuzunguka, na ilipofika upana wa sinia ikaanza kukunja kingo kwenda juu. Nikaendelea nikiamini itajirekebisha. Ikawa bakuli. Mikono yangu ilizoea siti za baiskeli, na siti inataka kitu kinachokumbatia. Ya pili ikawa bakuli kubwa zaidi. Kuku wa Tumpe ameiona, ameingia, ametaga mayai saba.

Za kwako zililala bapa kama meza, zenye pembe nne. Siri ilikuwa pembeni, hapo unapogeuka. Nikaenda kwa wanakwaya. Wote wakanijibu jambo moja: "Mama yako akifika pembeni alikuwa anageukia ukutani." Miaka yote mlikaa pamoja chini ya paa la kanisa mkifuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona ukigeuza pembe! Wengine bado wana kinyongo, nakwambia tu. Wanasema ulikufa nayo.

Na kweli, nilianza kuogopa kwamba umekufa nayo. Kopo la nembo nilishalisamehe, lakini hili la pembe lilinikosesha raha. Niliona kwamba nikishindwa, mtoto huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza kutolewa bila shali yako, na baada yake wote.

Njia ilikuwa moja tu, na niliijua kabla ya kuikubali. Zako zote zimezeekea kwa watu, zimekuwa matambara. Iliyobaki nzima ilikuwa ya Gwamaka mwenyewe, ile ya njano, uliyoifuma kwa uzi uliovushwa mpaka wa Malawi kutoka Karonga mwaka ule wa njaa, sabini na nne, wakati madukani kulikuwa na rafu na muuzaji tu. Tumpe ameitunza miaka yote na majani ya mkaratusi ili isiliwe na nondo. Nilipomwambia nataka kuifumua, aliweka chini ungo wa mchele.

"Mama yako amekufa mwaka jana, leo unataka kufuta na mikono yake?"

Siku mbili hatukuongea ila habari za chumvi. Siku ya tatu alikuja bandani mchana, mbele ya wateja, akaiweka shali juu ya benchi kati ya mnyororo na koleo. "Fumua," akasema. "Ukishindwa kuirudisha, na wewe urudi kwenu Ndandalo." Akaondoka bila kugeuka. Mteja mmoja akaniuliza kama bado nina nafasi ya kuziba pancha yake.

Mama, mlango wa shali yako nimeutafuta mchana mzima. Uliuficha ndani ya ua la ukingo, fundo dogo kama punje ya ulezi. Nikalikata. Halafu nikavuta. Kabla ya kuvuta kila mzunguko nilikuwa nahesabu vitanzi vya kila pembe, kwa kufuata njia uliyopita wewe, na kuandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda. Pembe ya kwanza, vitatu. Ya pili, vitatu. Ya tatu, vitatu. Nikasema naam, ndiyo hiyo, tatu tatu. Ya nne, vitano.

Nikadhani nimekosea. Nikavuta mzunguko uliofuata. Tatu, tatu, tatu, kisha viwili. Mwingine: tatu, tatu, tatu, sita! Niliujaza ukuta chaki mpaka chini, na watu wakaanza kuuliza kama nimefungua ofisi ya bahati nasibu. Pembe tatu za kwanza karibu hazikubadilika. Ya nne haikufanana hata mara moja. Na karibu na katikati kuna mzunguko mmoja uliruka kabisa kona ya pili, ukaisahau, ukaja kulipa yote kwenye ya nne, vitanzi vinane vimesongamana kama abiria.

Nilikaa chini kwenye matairi. Kumbe ulikuwa unakadiria! Ulikuwa hujui itatoka ngapi, Mama. Ulikuwa unafika kwenye ya nne, unailaza magotini, unaitazama kama imekunja au imelegea, unaongeza, unapunguza, mpaka inalala. Ndiyo maana ulitazama ukuta: hukutaka wakuone ukibahatisha. Na mimi uliyenipiga kofi la mkono kwa kitanzi kimoja kilichoruka! Nilicheka peke yangu bandani, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikasingizia moshi wa gundi.

Nikafuma. Uzi wa zamani ulikatika mahali pengi, haukutosha, nikamalizia ukingo kwa kijani cha sweta la mitumba. Pembe tatu nilikufuata wewe. Ya nne niliitazama mwenyewe, kila mzunguko. Ililala, Mama. Tumpe aliitandaza kitandani, akaipapasa kona zote, akaenda kupika bila kusema neno. Usiku ule nilipewa kichwa cha samaki.

Ikabaki ya kuipeleka. Baba mkwe kumfumia mkwe nguo ya kumbebea mtoto, sikujua wazee wangeiweka fungu gani. Hata kivuli chake sitakiwi kukikanyaga. Nikamwagiza Tumpe aende nayo Tukuyu, aseme uliiacha wewe sandukuni. Akasema hivyohivyo. Mkwe akapokea, akapiga goti, akashukuru, "Ndaga fijo, mama." Akaigeuza upande wa pili, akanusa. Akasema, "Bibi alikuwa anatengeneza baiskeli?"

Mtoto ni wa kike. Walimleta wiki iliyopita. Mkwe alikaa uani nyuma ya ukuta wa mianzi, kama inavyotakiwa, mimi barazani upande huu, na Tumpe mlangoni katikati na mjukuu begani. Nikasikia sauti ile, mara ya kwanza kuisikia vizuri, inamwambia Tumpe: "Mama, naomba umuulize baba, hii pembe aliigeuzaje? Nimejaribu kwa uzi wangu, inanijia bakuli."

Tumpe akanigeukia. "Anauliza pembe uliigeuzaje."

"Nimesikia. Mwambie tatu, tatu, tatu, halafu ya nne aitazame."

"Anasema tatu, tatu, tatu, ya nne uitazame."

"Niitazame mpaka lini?"

"Anasema mpaka—"

"Mpaka ilale, mwambie. Na akibahatisha asione haya, ndivyo ilivyo."

Tumpe akasema tumemchosha, kila neno analisema mara mbili kama mkalimani wa mkutano wa injili, na tangu leo mwenye swali amuulize mtoto. Nyuma ya mianzi nikasikia mtu anacheka. Nami nikacheka nikiangalia pembeni, kwa heshima.

Walipoondoka jana, gunia moja lilikwenda nao juu ya basi. Aliliomba mwenyewe, kupitia kwa mama mkwe wake. Alitaka na kopo la nembo, anasema atatafuta za nini. Nikampa. Akijua, atatuma salamu, na mimi nitakuja kukwambia pale migombani.

Hapa naishia, Mama. Uwasalimie waliotutangulia, na baba umwambie baiskeli yake bado inatembea ingawa kilichobaki chake ni kengele tu. Pumzika. Usihangaike na mahesabu tena. Nami nakuahidi neno moja: mtoto huyu akikua akaniuliza nani alimfumia, sitamficha kwa kisingizio cha sanduku. Nitamwambia ni bibi yake mkubwa na babu yake, kwa uzi wa baba yake, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua itatoka vipi.

Mwanao wa magunia mawili,
sasa moja.