Kuachana kwa Mdomo

Jumapili, 8 Juni 2025

Leo kanisani hakuna aliyeketi karibu nami. Benchi nzima, mimi na mkoba wangu! Hata Phelista, ambaye tumefuma naye sweta miaka yote, alinipita kama nguzo ya stima. Namwelewa. Mahindi yake yote ya msimu uliopita alimpa Hesbon, mume wangu, amuuzie. Hesbon aliuza. Hakumlipa yeye wala wakulima wengine wa huku kwetu Kwanza. Kijana wa Phelista amefukuzwa chuo, karo hakuna.

Korti ilishaamuru Hesbon alipe, lakini eti hana kitu. Kweli hana — Machi alihamisha shamba, nyumba na kisiagi, vyote vikaandikwa jina langu. Nilifurahi kama mjinga, nikadhani ni mapenzi. Sasa wakulima wamerudi kortini Kitale: wanasema alinipa ili awafiche mali, wanataka shamba lirudi kwake liuzwe.

Mimi pia nadhani alikuwa anaficha. Lakini nitamwambia nani?

Jumanne, 17 Juni

Hesbon ametoka kwa wakili akipiga mluzi. Dawa imepatikana. Tutasema tuliachana Februari, na shamba akanipa nimlee Joy, binti yetu. Ati korti haitamnyang'anya mwanamke aliyeachwa.

"Ni ya mdomo tu, mama Joy. Kesi ikiisha narudi."

Ili watu waamini, atahamia Bungoma, apange chumba upande wa Kibabii. Nikauliza, kwa nini si hapa Kitale? Akasema Kitale kuna macho mengi. Na Bungoma hakuna macho? Akaanza kutafuta soksi.

Alhamisi, 3 Julai

Simu yake jioni haishiki. Asubuhi anasema chaji iliisha. Kila jioni chaji inaisha!

Leo alikuja kuchukua unga. Shati limepigwa pasi vizuri, na huyu mtu hajui hata pasi yetu inakaa wapi. Nikamsifu. Akasema ni dobi. Haya. Lakini kifungo cha pili nilikiacha kikining'inia makusudi siku anahama. Leo kimeshonwa, tena kwa uzi wa rangi yake. Dobi gani huyo mwenye upendo?

Nilimpimia unga, nikamfungia.

Jumamosi, 12 Julai

Njia ya mwongo ni fupi. Yetu imeishia kwa chifu! Jana alituita tupatane na wadai. Hesbon akaimba wimbo wake wa Februari. Phelista akainuka, hakunitazama.

"Hesbon, wewe ni Mbukusu ama umekuwa mtu wa wapi? Kama mliachana, ng'ombe zilirudi?"

Kiptanui, ndiye anaongoza wadai, akacheka mpaka akashika mbavu. Hata yeye si Mbukusu na hilo analijua. Mwanamke ambaye ng'ombe wake wa mahari bado wako kwa baba yake, ameachwa vipi?

Hesbon alifuta jasho, akasema: zinarudi mwezi huu. Mbele ya chifu! Njiani nikamshika. Akasema si wote watakaorudi, kwa sababu kuna mtoto — wawili tu, tuwanyamazishe hawa watu. Ni ya mdomo tu.

Ng'ombe ana mdomo wa kusema uongo?

Jumapili, 20 Julai

Bokoli, kwa wazazi wangu. Nilitangulia nimwambie Papa mwenyewe. Nikasema ni mchezo wa korti, ng'ombe watarudishwa kwake kesi ikiisha. Alinisikiliza akipukuchua mahindi.

"Nangila, mimi sijui mambo ya kesi. Ng'ombe ikitoka hapa, wewe si bibi ya mtu ule upande. Umesikia? Usije kunilaumu."

Tonny, ndugu yake Hesbon, akafika na kamba. Hakunywa chai. Papa alimfungulia zizi kwa mkono wake: yule mweusi, na mwekundu wa pembe iliyovunjika. Mama hakutoka jikoni. Niliolewa kwa ng'ombe hao nikiimbiwa. Leo wameswagwa barabarani, majirani wamesimama kwenye ua wanaangalia.

Aibu! Nimelia njia nzima.

Jumatano, 30 Julai

Kiptanui amenipigia. Nilitaka kukata simu.

"Mama Joy, ng'ombe ya baba yako si ile nyekundu, pembe moja?"

Nikasema ndiyo. Akanieleza. Wadai walisikia ng'ombe wamerudi, basi ni mali ya Hesbon, wakaenda na dalali wa korti kuwakamata. Kwa chumba chake hawakuwapata. Waliwapata Kibabii, kwa boma ya watu. Mzee wa pale alikataa kuwatoa. Ati wameletwa juzi kwa heshima, ni mahari ya msichana wake, Dinah.

"Pole, mama. Nilifikiri unajua."

Ng'ombe wa Papa! Ameoa mtu kwa ng'ombe wa Papa!

Nimempigia Hesbon. Haishiki. Chaji.

Jumatatu, 11 Agosti

Korti, Kitale. Naandika nje kwenye benchi, hakimu amekwenda chai. Nilikuwa nimeshaapa. Wakili wa wadai aliniuliza jambo moja tu: uliacha kuwa mke wa Hesbon Barasa siku gani? Hakimu akaangalia saa, akasema nitajibu tukirudi.

Nikisema Februari, shamba ni langu. Joy ana nyumba, kisiagi kinasaga. Phelista anabaki na magunia matupu. Nikisema ile Jumapili ya Bokoli, basi Machi nilikuwa mke wake kabisa, tunalala kitanda kimoja, na shamba linauzwa. Mimi nitakwenda wapi? Kwa Papa, niangalie zizi?

Naogopa. Na nina hasira.

Hesbon amekuja sasa hivi, shati limenyooka, vifungo vyote viko. Ameniinamia: "Sema Februari, mama Joy. Kesi ikiisha narudi nyumbani."

Nimemuuliza, nyumba gani? Ameenda kusimama na wakili wake.

Phelista amekuja akaketi. Benchi hii hii! Amemimina chai kwenye kifuniko cha thamosi, amenisogezea. Bado ina moto.

Karani ametoka mlangoni, ananiita. Nimempa Phelista mkoba anishikie. Februari sitaitaja.