Tovuti ya Mapazia ya Mama

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko mbali? Kifua kimepona? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku wazima, na Mama ndiye mzima kuliko wote. Mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo inayoniuma, na sababu ni wifi yetu.

Unaikumbuka tovuti niliyomjengea Mama kwa ajili ya duka lake la mapazia. Niliianza kutoka sifuri, kila mstari nikauandika mwenyewe, mpaka kivuli cha kila kitufe. Ilikuwa ikifunguka kufumba na kufumbua. Mwezi uliopita nikaenda dukani, nikakuta imeondolewa! Wifi, ambaye kazi yake ni kupokea wagonjwa wa meno, amechukua ule mfumo wa kusimamia maudhui unaokuja na kila kitu tayari: unachagua sura, unajaza maneno, unapachika picha, basi. Alimaliza kati ya chakula cha mchana na chai. Mimi niliyeisomea kazi hii nikaambiwa asante, Bi Chapuchapu akashonewa mapazia ya sebule nzima.

Tena inajivuta kufunguka, na juu imejaa maua ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilimwambia Mama hivyo.

"Maua yana ubaya gani?" akanijibu. "Na hii naiendesha mwenyewe, mwanangu. Kitambaa kikiingia asubuhi, mchana watu wanakiona. Sikusumbui tena."

Kunisumbua! Dada, zamani bei ikibadilika, Mama ananipigia. Rangi ikiisha, ananipigia. Ananisomea vipimo, tunabishana kama kitambaa ni kijani au samawati, halafu ananiuliza kama nimekula. Sasa simu yangu imenuna mezani, na picha zikikataa kupanda anapigiwa wifi. Namwonea wivu, sifichi. Aliyesema mcheza kwao hutunzwa hakuwa na wifi.

Juzi ikaita. Nikairukia, nikidhani ile tovuti ya maua imeanguka, na nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Mama akasema amenipigia kunisalimia tu. Tukasalimiana vizuri. Baada ya hapo nikakosa la kusema, naye vilevile. Tukabaki tunasikilizana tukipumua, mpaka nikamwuliza vitambaa vinauzwaje siku hizi.

Wewe hujawahi kumtengenezea hata ukurasa mmoja, na kila Jumapili mnaongea mpaka sikio linapata moto. Nimempigia sasa hivi, simu yake inatumika. Najua yuko na wewe. Kwa hiyo nawe nakuonea wivu, na ndiyo maana nakuandikia: huwa mnaongea nini?

Msalimie sana shemeji, na Kadogo, na yule mkubwa anayejifanya hanijui kwenye simu. Mungu awalinde, awape riziki na usingizi mwema.

Nijibu upesi, Dada, kabla Mama hajanipigia tena.

Mdogo wako akupendaye, wivu na yote.